Chumvi Niliyoikausha

Nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka tulipofika kwenye somo la kutengeneza chumvi niliwapa wanafunzi wangu mrututu, chumvi ya shaba. Mrututu ni wa buluu. Hata mjinga hawezi kuutia kwenye maharagwe. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza mbona sitengenezi chumvi ya bariamu, nami nikamjibu kwamba hatuna. Nilimdanganya. Tulikuwa nayo kopo zima kabatini, na ufunguo niliuvaa shingoni.

Mimi mwenyewe nilijifunza somo hilo katika shule ya sekondari upande wa Bungoma, miaka ya hamsini, Wazungu wakiwa bado wanatutawala. Kutoka kijijini kwetu, karibu na Kamukuywa, nilikuwa mimi peke yangu niliyefika shule ya namna ile. Siku ya kuondoka baba alinishika masikio yote mawili, akayavuta mpaka machozi yakanitoka, akaniambia nikifukuzwa nisirudi kwake, nitafute baba mwingine. Hakuwa anatania. Baba yangu hakujua kutania.

Shuleni tulipigwa. Sijui niseme vipi mtu wa leo anielewe. Tulipigwa kwa kuchelewa, kwa kuwahi, kwa kucheka, kwa kununa, kwa kuongea Kibukusu, na Jumatatu tulipigwa kwa yale ambayo huenda tulifanya Jumapili bila kuonekana. Walimu walitumia fimbo. Viranja walitumia chochote kilichokuwa karibu. Na katika viranja wote hakuna aliyekuwa na mkono mzito kama kapteni wa bweni letu.

Kapteni alikuwa mkubwa kuliko sisi, tayari ana ndevu. Alizaliwa kwenye shamba la Mzungu mmoja nje ya Kitale, ambako wazazi wake walikuwa vibarua, wakilima mahindi na kupewa posho. Tulisikia kwamba aliwahi kusimama akiangalia baba yake akichapwa kiboko na nyapara, amelala kifudifudi mbele ya ghala, kwa sababu ng'ombe wawili waliingia kwenye ngano. Alitusimulia mwenyewe, akicheka, huku akimchapa mtu. Nadhani ndipo alipojifunza kazi ile.

Kitu alichokipenda ni chumvi. Maharagwe ya shule yalipikwa bila chumvi siku zote isipokuwa Jumapili, kwa hiyo kila mtu alikuja na kopo lake kutoka nyumbani. Makopo yote yalikuwa mali ya kapteni. Alizunguka mezani akinyoosha kiganja na kusema, "Toa." Mwezi wa pili wa muhula nilijaribu kuzuia. Nililiweka kopo langu ndani ya sanduku la bati, nikaushika mdomo wa sanduku kwa mkono wa kulia. Hakunisukuma. Alikibamiza kifuniko kwa mguu, na kidole changu kidogo kikavunjika. Mpaka leo kimepinda, kinatazama upande wake peke yake.

Sikumshtaki. Agosti iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya kisu cha mtahiri, matope mwilini, bila kupepesa jicho, na baba zangu wadogo wakapiga kelele za furaha. Mtu aliyetoka huko hawezi kwenda kwa mwalimu kulia ati amebanwa na sanduku. Nilikifunga kidole kwa kitambaa, nikajifunza kuandika upya, na nikamchukia. Nilimchukia nikiamka, nikila, nikipiga magoti kanisani. Nilikuwa namwomba Mungu amvunje. Sikumwambia amvunje wapi.

Basi tukafika kwenye chumvi.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa Mwafrika, amesoma Uganda, mtu mwembamba mwenye suti moja na hasira za watu kumi. Asubuhi ile alileta kopo lenye picha ya fuvu, akaligonga mezani kwa fimbo. Ndani mlikuwa na unga mweupe wa bariamu. Akatueleza kazi: tutie unga ule kwenye asidi mpaka uache kutoa povu, tuchuje, kisha tupashe moto maji yaliyochujwa mpaka yapungue, tuyaache yapoe polepole. Fuwele zitajitengeneza zenyewe. Hiyo ndiyo chumvi inayoyeyuka.

"Halafu tutatoka kwenye inayoyeyuka twende kwenye isiyoyeyuka," akasema. "Angalieni."

Alikuwa na chumvi kama ile tayari, imeyeyushwa kwenye gilasi, maji safi kabisa. Akatoa pakiti ambayo sisi sote tuliijua na kuiogopa: haluli, ile chumvi chungu ya kusafisha tumbo, ambayo tulinyweshwa kila mwanzo wa muhula tukisimama kwenye mstari, wa mwisho wakiwa wanawaona wa kwanza wakikimbilia chooni. Akakoroga haluli kwenye maji, akamimina kidogo ndani ya gilasi. Yale maji safi yakageuka maziwa. Tukasema "Aaah!" kama watoto. Weupe ule ukashuka polepole, ukatulia chini.

"Hii haiyeyuki tena," mwalimu akasema. "Kwenye hospitali kubwa daktari humnywesha mgonjwa hii, ili tumbo lionekane kwenye picha. Inapita ndani na kutoka kama mchanga. Haina neno. Lakini ile ya kwanza, inayoyeyuka, inaingia kwenye damu. Ukiila utakufa, tena vibaya. Kwa hiyo mtu asilambe kitu humu ndani. Mnasikia?"

Tukasema tunasikia. Mimi nilisikia vizuri. Nilikuwa nimekaa mbele.

Sasa nieleze ujinga wangu, maana ni ujinga wa kwetu. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa mpishi wa chumvi. Si ya dukani. Alikata matete ya kinamasi, akayakausha, akayachoma, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, akamwagia maji. Maji yaliyochuruzika aliyachemsha. Nami tangu utoto nilikaa naye penye moto ule, na sheria yake ilikuwa moja: usiepue mpaka pakauke, mpaka chungu kipige kelele, pat-pat, na chumvi iwe unga. Ukiepua mapema, kofi. Ukimwaga hata chembe, kofi la pili. Chumvi haitupwi chini, aliniambia, na mkono wake ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya bakuli langu la kauri, mikono yangu ilijua kazi kuliko masikio. Wenzangu waliepua maji yakiwa bado yapo, wakayaacha yapoe. Mimi nikaendelea. Moto ukawaka, maji yakaisha, bakuli likapiga pat-pat, nami nikatabasamu peke yangu. Nilipoepua nilikuwa na unga mweupe, mkavu, mzuri. Nilijiona fundi.

Mwalimu alikuja, akatazama, akauchokoa unga kwa ncha ya fimbo.

"Hii ni nini?"

"Chumvi, Mwalimu."

"Fuwele ziko wapi?"

Nikamwambia nimekausha mpaka mwisho. Akaniuliza nani amenifundisha kukausha, nikamwambia ni nyanya. Darasa likacheka. Hilo ndilo lililoniponza, kile kicheko. Akaniinamisha juu ya meza na kunichapa sita, polepole, huku akieleza kati ya fimbo moja na nyingine kwamba chumvi isiyo na umbo haitambuliki, kwamba mtu akiiona hatajua ni ya sumu au ya mboga, kwamba hii ni maabara wala si jiko la vikongwe. Aliposema "vikongwe" fimbo ilishuka kwa nguvu zaidi. Akaniambia niende nikautupe ule unga kwenye shimo la takataka, na kesho nianze upya.

Nilitoka nje na bakuli langu. Nyama za mapajani zilikuwa zinaruka zenyewe. Nilisimama kwenye ukingo wa shimo, nikainamisha bakuli, na mkono ukagoma. Naapa, niliona kiganja cha nyanya kikija shavuni. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaufunga unga ule vizuri, nikautia kwenye mfuko wa shati. Nilipanga kumuuliza mwalimu, hasira zake zikitulia, kama nikiuyeyusha tena utatoa fuwele. Hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani wakati ule, wala hapakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuja baadaye kidogo, kengele ya chakula ilipolia.

Nilikula nimesimama kwa ajili ya fimbo zile. Kapteni alipita akitoza kama kawaida yake, akaniona, akaona karatasi ikichungulia mfukoni.

"Ni nini hiyo?"

Nikaendelea kutafuna. Akanizaba kofi, akatia vidole viwili mfukoni mwangu na kuichomoa. Akaifungua. Akachovya ncha ya kidole, akalamba, akakunja uso kidogo, kisha uso ukakunjuka.

"Ah! Hii ni ya majivu, bana! Ya kwenu Kamukuywa. Naona inauma ulimi kama ya mama yangu."

Mtu wa pwani angetema. Mtu yeyote aliyezoea chumvi ya dukani angetema pale pale. Lakini sisi tumelelewa na chumvi yenye uchungu, na uchungu ule ndio uliompendeza. Akakaa mbele yangu, akanyunyiza kwenye sahani yake, akakoroga. Akajaza kijiko, akakiinua mpaka karibu na mdomo, kisha akaniona namkodolea macho.

"Kwani unataka?"

Palikuwa na nafasi pale. Siku hizi naipima, naona ilikuwa kubwa, mtu angeweza kupitisha mkokoteni. Kidole changu kilikuwa kinawasha ndani ya kitambaa. Shavu lilikuwa la moto. Nilijua ndani ya ile karatasi mlikuwa na nini, na nilijua kinafanya nini, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa saa mbili zilizopita, kwa lugha rahisi, na mtu aliyenichapa ili nisisahau.

"Hapana," nikasema. "Kula tu."

Akala. Nami nikala maharagwe yangu yasiyo na chumvi, nikimtazama. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne akasema leo hii chumvi ina nguvu, akasukuma sahani, akaondoka. Sitasema sikufurahi. Nilifurahi. Furaha ile ilinipanda kutoka tumboni mpaka kooni, na nilitaka kumwambia mtu.

Mchana ule tulikuwa na kazi ya shamba, kupalilia mahindi ya shule. Kapteni alisimamia, jembe begani, akituzomea. Kisha akakaa chini. Kisha akatapika. Watu wakacheka pembeni, kwa uangalifu. Akatapika tena, akajikunja na kuanza kunguruma kama fahali aliyefungwa vibaya, mate yakimtoka mdomoni yasikome, na mikono yake, ile mikono, ikawa inarukaruka peke yake juu ya udongo. Alijaribu kusimama. Miguu ikakataa. Akaanguka na uso juu ya mahindi, akayavunja, na hakuinuka.

Ndipo furaha ikanitoka yote kwa mara moja, kama maji kwenye debe lililotoboka. Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile. Nilimkuta mwalimu wa kemia kwenye veranda ya ofisi, nikamshika suti.

"Mwalimu, haluli! Ile haluli! Amekula ile yangu!"

Alinipiga ngumi ya kinywa kabla sijamaliza. Sijui kwa nini. Nadhani mkono wake ulielewa kabla ya kichwa. Kisha kichwa kikaelewa. Tukakimbia wote wawili, yeye na pakiti, mimi na ndoo ya maji, damu ikinidondoka kidevuni.

Kapteni alikuwa ameuma meno. Wavulana wanne walimkalia mikono na miguu. Mwalimu alimpanua taya kwa rula, jino moja likang'oka, nami nikamimina. Akatapika, nikamimina tena. Alikuwa anatutazama kwa macho ya mtu anayezama. Mwalimu alimkandamiza kifua kwa goti na kupiga kelele, "Meza! Meza, mshenzi wewe, meza!" na nilipomtazama mwalimu nikaona analia. Nikamimina ndoo nzima. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye gilasi ile ya asubuhi: geuka maziwa, nilikuwa naomba, geuka maziwa huko ndani, tulia chini. Lori la shule likampeleka hospitali ya misheni jua likiwa bado juu.

Mwalimu alibaki amekaa kwenye matuta, suti imejaa matapishi.

"Ulimpa wewe?"

"Hapana, Mwalimu. Aliichukua mfukoni mwangu." Hilo lilikuwa kweli.

"Ulimwona akiila?"

Nikafikiria masikio yangu mkononi mwa baba. Nikafikiria kijiji kizima kikisikia nimefukuzwa.

"Sikumwona," nikasema. "Nilijua alipoanza kutapika."

Nilichapwa nane kwa kutoitupa shimoni. Nilizipokea kama mtu anayepewa chakula. Lakini kwa zile mbio, na kwa kukumbuka haluli, mkuu wa shule, Mzungu mwenye sauti ndogo, alinisimamisha mbele ya shule nzima na kunipa mkono. Alisema mvulana huyu alisikiliza darasani, na kusikiliza kumeokoa maisha. Watu wakapiga makofi. Kisha, kwa sauti ile ile, akatangaza kwamba kapteni, ambaye Mungu amemwacha hai, amefukuzwa kwa wizi wa vitu vya maabara. Hakuna aliyekwenda hospitali kumuuliza. Mimi ndiye niliyeulizwa, na nilikuwa nimejibu. Juma lile nilianza kazi yangu upya, nikaepua mapema, na asubuhi yake nikazikuta fuwele, bapa, zinang'aa kama vioo. Mwalimu alizionyesha darasa zima.

Kapteni alirudi baada ya wiki tatu kuchukua sanduku lake. Alikuja na mama yake, aliyetoka Kitale kwa lori la mahindi. Alikuwa mwanamke mfupi, miguu imepasuka, amevaa gauni lake la kanisani. Kapteni alitembea nyuma yake amekonda, mkono wa kulia ukining'inia, vidole havikunjiki. Sisi tulikuwa uwanjani, tukasogea kutazama.

Mama yule hakuuliza ofisi iko wapi. Aliliona sanduku lililowekwa nje, mlangoni pa bweni, akalitazama, kisha akageuka na kumchapa mwanawe mgongoni kwa fimbo aliyokuja nayo. Alimchapa mbele yetu sote, kwa pumzi zake zote, akipiga kelele, "Mwizi! Baba yako arichapwa kwa ng'ombe, wewe unachapwa kwa chumvi! Sasa utarudi kwa nyapara! Utarima! Utarima na mkono gani?" Kapteni alisimama tu. Jitu lile lingeweza kumnyanyua mama yake kwa kidole. Hakujikinga, na alipochapwa alikuwa ananitazama mimi.

Ningesema. Mdomo wangu ulifunguka kabisa. Lakini nikaona sanduku lake la bati pale mlangoni, nikawaza langu likiwekwa kando yake, nikaufunga.

Fimbo ilipovunjika, mama alifuta uso kwa kitambaa, akauliza ni nani kijana aliyekimbia. Wakanisukuma mbele. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaona kidole kilichopinda, akakipapasa.

"Ndio wewe, mwanangu," akasema. "Masomo yamepotea, basi, yamepotea. Rakini uhai anao. Wewe ndiye umenizaria huyu mara ya piri. Sina kitu cha kukupa. Nimekuretea hii, niripika mwenyewe."

Akafungua jani la mgomba. Ilikuwa chumvi ya majivu, kavu, nyeupe, unga kabisa. Akaimimina kiganjani mwangu na kunikunja vidole juu yake.

"Ramba kidogo, nione umepokea."

Nilisimama na kiganja kile mbele ya uso wangu. Mama alikuwa anasubiri, anatabasamu na machozi yake. Nilimtazama kapteni juu ya bega la mama yake. Alikuwa amelibeba sanduku kwa mkono wa kushoto, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ningependa ungekuwa nayo.

"Kula tu," akaniambia.

Nikala. Ilikuwa na uchungu kidogo, kama ya kwetu.